Mama Wembe na Vipande Kumi na Tisa

Katika chumba cha tishu cha hospitali ile, kupiga chafya kulikuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa kazini. Utando wa nyama unaokatwa pale ni mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Pumzi moja tu, unaruka, unajikunja, na kipande cha mgonjwa wa watu kinaishia kwenye koti lako. Mwanamke aliyekitawala chumba hicho kwa miaka ishirini na saba alikuwa na umbo dogo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na maneno machache mpaka umuudhi. Wenzake walimwita Mama Wembe. Wageni walidhani ni kwa sababu ya ulimi wake. Waliozoea walijua ni mikono.

Kazi yenyewe ukiieleza haraka haina utamu. Daktari akikata kipande cha kidonda au uvimbe, kinaletwa ndani ya kichupa chenye dawa ya kuhifadhia. Mama Wembe anakikamua maji kwa dawa, anakizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikiganda kinakuwa kama kijipande cha mshumaa chenye nyama ndani. Kisha anakibana kwenye mashine ya kukatia na kuzungusha gurudumu: chwi, chwi, chwi. Tando zinatoka zimeshikana kama utepe. Anaziweka zielee juu ya maji ya uvuguvugu, anazinasa kwa kioo, anazitia rangi ya waridi na zambarau. Ndipo daktari wa hadubini, mzee mpole ambaye soksi zake hazikufanana hata siku moja, anainama na kusema: hii ni saratani, hii siyo. Kwa neno hilo mtu hulia au hushukuru, na neno lenyewe linategemea mkono uliokata. Mkono ukitetemeka utando unapasuka, na daktari haoni kitu. Vipande vilivyowahi kumharibikia Mama Wembe vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole, na kila kimoja alikikumbuka kama msiba.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka ishirini na mdogo alikuwa na tisa. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, wiki tatu njiani na siku tatu nyumbani, kwa hiyo dada akawa ndiye mama. Alimnyoa, alimchapa, alimuuguza surua, alikaa kwenye vikao vya wazazi shuleni akiwa mdogo kuliko wazazi wote. Mwaka uleule wa msiba dada alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea udaktari mji mwingine. Barua ile aliikunja, akaitia sandukuni, akaomba kozi ya maabara ya karibu na nyumbani. Hakumwambia mtu. Mdogo akasoma, akapanda, akavuka mipaka, na alipokuwa na umri wa miaka thelathini na mitano akarudi na shahada ya juu ya fizikia ya mwanga. Akapata kazi ya kufundisha katika chuo kilichopakana na hospitali. Wauguzi wakambandika jina la Profesa. Hakuwa profesa bado, lakini hakuwasahihisha.

Aliporudi alikuja na mashine. Ilikuwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa jokofu dogo, na kutoka humo ulitoka uzi wa kioo ulioishia kwenye kitu kama kalamu. Siku ya kwanza alimwita dada yake kwenye kliniki ya kinywa, akashusha pazia jeusi, akajiwekea kalamu ile kwenye shavu lake mwenyewe kwa ndani.

"Tazama, dada. Hii ni leza. Inatoa mwanga wa zambarau. Nyama ikipigwa na mwanga huu, inajibu kwa mwanga wake yenyewe. Nyama nzima inajibu kijani. Nyama yenye ugonjwa inafifia, wakati mwingine inaegemea kwenye wekundu. Uzi unaleta jibu, mashine inalichambua, kompyuta inachora."

Kwenye kompyuta kilitokea kilima kirefu cha kijani.

"Kwa hiyo wewe ni mzima," Mama Wembe akasema.

"Kwa leo."

"Na akili je, inapima?"

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia.

Mpango ulikuwa huu: kila mgonjwa mwenye kidonda kisichopona kinywani, akiridhia, aguswe kwanza na kalamu, halafu daktari wa kinywa akate kipande palepale palipoguswa. Mama Wembe akiandae, mzee wa hadubini akisome. Baadaye jibu la mwanga lilinganishwe na jibu la hadubini. Mwanga ukithibitika, siku moja watu wangepimwa bila kisu. Mama Wembe, aliyekuwa amekata nyama za watu zaidi ya nusu ya maisha yake, aliona kama mdogo wake amekuja kumpumzisha.

Wiki za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Mgonjwa mmoja akiguswa mara tatu mahali pamoja, mashine inachora vilima vitatu tofauti. Profesa alibadilisha uzi, akabadilisha taa, akalala na vitabu. Mama Wembe alikaa pembeni siku mbili akitazama, siku ya tatu akasema:

"Unabonyeza kama mtu anayegonga muhuri. Tazama pale unapogusa, panakuwa peupe. Umesukuma damu yote. Mgonjwa anayefuata unamgusa taratibu, damu ipo, inakunywa mwanga wako. Utapataje jibu moja?"

Profesa akamtazama dada yake. Tangu siku hiyo mgonjwa alisukutua kwanza kwa maji ya chumvi, na kalamu iliachwa ilale kwa uzito wake yenyewe. Vilima vikatulia. "Dada yangu ndiye mwalimu wangu," Profesa aliwaambia wauguzi, na Mama Wembe alirudi chumbani kwake akajifanya hakusikia, ila siku ile nzima hakumgombeza mtu.

Kazi iliendelea miaka miwili, wagonjwa mia tatu na kumi na wawili. Mama Wembe aliandika kila mmoja katika rejista yenye jalada gumu: namba, mahali palipoguswa, mwanga umesema nini, hadubini imesema nini. Walipokubaliana aliandika kwa wino wa buluu. Mwanga ulipomwita mgonjwa mtu ambaye hadubini ilimkuta na kidonda cha kawaida, hilo nalo aliliandika kwa buluu, maana hakuna aliyedhurika. Lakini mwanga ulipomwita mzima mtu mwenye saratani, alichukua kalamu nyekundu.

Mmoja wa wale wa wino mwekundu alikuwa fundi wa mashuka, mwanamke aliyeshona mashuka na mapazia ya hospitali katika chumba cha nyuma ya dobi. Alikuwa na baka dogo jeupe ndani ya shavu. Alipoguswa, kilima cha kijani kilisimama kama mlingoti. Profesa akasema, "Safi kabisa, mama, ungekuwa mwanangu ningekuruhusu uende." Lakini utaratibu ni utaratibu, kipande kikakatwa. Siku nne baadaye mzee wa hadubini alimwita Mama Wembe, akamwonyesha: juu ngozi nzuri, imepangika kama vigae, chini yake, saratani inatambaa kama mchwa chini ya zulia.

"Mwanga wa mdogo wako unaishia hapa juu," mzee akasema, akionyesha kwa ncha ya penseli. "Unene wa ukucha haufiki. Ugonjwa ukijificha chini, hauuoni."

Fundi wa mashuka alifanyiwa upasuaji mapema, akapona. Shavu lilibaki limevutika kidogo. "Sasa nacheka upande mmoja kama mwanasiasa," alisema.

Mama Wembe alipeleka habari kwa mdogo wake. Profesa alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. "Andika, dada. Yote andika. Usifiche hata moja." Akaandika. Mpaka mwisho wa kazi, mistari myekundu ilikuwa kumi na tisa.

Kisha Profesa akaja kuichukua rejista ili aiingize kwenye kompyuta. Mama Wembe aliifuta vumbi kwa kanzu yake ya kazi, akampa.

"Ripoti ikisomwa mbele ya kamati ya utafiti ya hospitali nitakuja," akasema.

"Usijisumbue, dada. Ni mambo ya takwimu tu. Utasinzia."

Siku ya kamati ilipofika, Mama Wembe alivaa gauni lake la kijani na viatu vya harusi za watu, akaingia ukumbini kimyakimya, akaketi safu ya mwisho. Alitaka kumshangaza. Alitaka ripoti ikiisha, awe wa kwanza kupiga makofi.

Profesa alisema vizuri. Alikuwa na sauti ya kutuliza. Alieleza leza, uzi, vilima. Alieleza kuhusu kusukutua maji ya chumvi na kutobonyeza kalamu, akasema, "tuligundua." Mama Wembe akatabasamu, tuligundua, naam. Halafu likaja jedwali kubwa: wagonjwa mia mbili tisini na watatu. Wote waliokuwa na saratani, mwanga uliwaona. Hakupita hata mmoja.

Mama Wembe akavaa miwani. Mia mbili tisini na watatu? Akatoa kwa vidole. Kumi na tisa hawapo.

Mjumbe mmoja wa kamati, mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa cha zambarau, aliinua mkono. "Hapo chini, kwa maandishi madogo, mnasema vipande kumi na tisa viliondolewa. Kwa nini?"

"Bahati mbaya," Profesa akajibu bila kukwama, "viliharibika maabara wakati wa kukatwa. Mnajua hali za maabara zetu. Mikono inachoka."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu wenye kuelewana. Wawili watatu waliomfahamu Mama Wembe waligeuka nyuma, wakamwona. Profesa naye akafuata macho yao. Kwa muda wa pumzi moja ndugu wale wawili walitazamana kupitia ukumbi mzima. Kisha mdogo akageukia jedwali lake, akaendelea. Alikuwa amefikia pendekezo: kliniki ipewe kalamu ile, na mtu ambaye mwanga utajibu kijani arudi nyumbani bila kukatwa kipande.

Mama Wembe alitoka kabla ya makofi. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu amemvua nguo sokoni, na akageuka kumtazama mvuaji, akakuta ni yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga vifungo.

Kesho yake alimkuta ofisini kwake chuoni.

"Kaa, dada."

"Sikai. Vipande vyangu viliharibika lini?"

Profesa akafunga mlango. "Hayo ni maneno ya kitaalamu tu. Kitu kikiondolewa kwenye ripoti lazima kipewe sababu."

"Na sababu ni mimi."

"Sikukutaja jina."

"Chumba kile kina wakataji wangapi?"

Nje wanafunzi walikuwa wakibishana juu ya mpira.

"Dada, nisikilize. Ningesema mwanga umekosea mara kumi na tisa, wangeizima kazi yote. Miaka miwili yangu na yako. Mashine hii itawaona maelfu ambao leo hakuna anayewaona kabisa. Kumi na tisa ni nini mbele ya maelfu?"

"Fundi wa mashuka ni nini?"

Profesa akainamisha kichwa, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Nilikwambia usije," akasema kwa sauti ndogo.

Neno hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Mpaka hapo Mama Wembe alikuwa bado anamtafutia mdogo wake mlango wa kutokea: labda alikosea, labda alishauriwa vibaya. Nilikwambia usije. Kumbe alilijua tangu siku alipokuja kuichukua rejista. Alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Nipe rejista yangu."

"Sijui ilipo. Nadhani ilitupwa tulipohamisha ofisi."

Alimtazama mpaka Profesa akatazama dirishani. Kisha akaondoka.

Habari hazikai. Baba yao, ambaye sasa alikuwa amestaafu na magoti yake yamekufa kwa sababu ya kanyagio za malori, alimwita nyumbani. Alikuwa amekwisha kusimuliwa na mwanawe, na alisimuliwa vizuri.

"Mwanangu, mimi sijui leza wala mleza. Najua damu. Ukitema mate juu, yatakuangukia mwenyewe. Mdogo wako akianguka, jina linaloanguka ni letu sote. Mstahi."

"Baba, mficha uchi hazai."

"Wewe unaweza kuvumilia. Umezoea."

Hakuwa na nia mbaya, mzee. Lakini Mama Wembe alilibeba neno lile mpaka kituo cha basi na mpaka nyumbani. Umezoea. Ndivyo walivyomwona wote wawili: kama ukuta wa nyumba, unauegemea bila kuuomba ruhusa.

Jambo moja Profesa hakulifikiria, kwa sababu alikuwa mtu wa mwanga, hakuwa mtu wa nta. Rejista hupotea, nta haipotei. Vijipande vyote vya nta huwekwa kwenye droo za chuma miaka kumi, kila kimoja na namba yake. Na majibu ya mzee wa hadubini yalikuwa kwenye mafaili ya wagonjwa, na karatasi za mashine zilikuwa humohumo. Mama Wembe alikaa na mafaili hayo siku sita, baada ya saa za kazi mpaka jua linapozama. Akavipata vyote kumi na tisa. Akavikata upya. Siku ya kwanza mkono ulitetemeka. Akasimama, akanawa uso, akasubiri, akarudi. Utepe ukatoka mzima.

Akaviweka vioo kumi na tisa mbele ya mzee wa hadubini.

"Daktari, naomba uniambie kipi kimeharibika."

Mzee alisoma asubuhi yote. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu. "Hakuna. Vyote vizima, na vyote vina saratani." Akavua miwani. "Jina langu limo katika ripoti ile, unajua? Nilisaini ukurasa wa mwisho. Sikusoma. Kijana wako niliyemwona akikua, nikasema nisome nini?"

"Mimi pia sikusoma," Mama Wembe akajibu.

Kabla ya kwenda kwa kamati alimfuata fundi wa mashuka kumwomba ruhusa ya kukitumia kipande chake. Yule mama alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi niliharibika maabara?"

"Ndivyo walivyosema."

"Wapelekee kipande. Na wakitaka shavu lenyewe, niite."

Kamati ilikaa Jumatano. Mama Wembe alivaa koti lake la kazi. Aliweka trei ya vioo mezani, akasema maneno machache: hivi ndivyo vipande vilivyoharibika, kila kimoja ni mtu, kumi na saba kati yao wako hai kwa sababu walikatwa, na kwa pendekezo lililosomwa hapa wote wangerudishwa nyumbani. Kisha akaketi. Profesa alikuwa ameketi mkabala naye.

"Waheshimiwa," alisema, "naomba mwelewe kwamba huyu ni dada yangu. Amechoka, na kuna mambo ya kifamilia hapa. Ana uchungu wake kwamba hakuendelea na masomo."

Mama Wembe aligeuka taratibu. Hakujua kwamba mdogo wake anajua. Ile barua ya sandukuni, kumbe aliwahi kuiona, miaka yote hiyo, hakusema hata asante. Na leo ameitoa ili amchome nayo. Aliyejibu ni mzee wa hadubini. Alisimama na soksi zake, moja kahawia na moja buluu, akasoma majibu ya vioo kumi na tisa, kimoja baada ya kingine, na alipomaliza akaomba jina lake liondolewe katika ripoti mpaka isahihishwe.

Hapakuwa na kelele. Pendekezo lilizuiwa. Ripoti ilirudishwa. Chuo kilimsimamisha Profesa kufanya utafiti kwa mwaka mmoja, na kazi ikakabidhiwa kwa mwenzake. Kalamu ile haikutupwa, na Mama Wembe mwenyewe ndiye aliyesema isitupwe. Leo inatumika kliniki kwa kazi moja: kumwonyesha daktari mahali pa kukata, pale kidonda kinapokuwa kikubwa na hajui aanzie wapi. Kijani hakimrudishi mtu nyumbani. Barua ya hospitali ilisema "kasoro za kumbukumbu zimerekebishwa." Haikumtaja, haikumwomba radhi. Kuna wafanyakazi waliompongeza, na kuna waliomwona mtu hatari, wa kumchomea hata ndugu yake. Wauguzi wawili waliacha kumsalimia.

Mdogo wake hajazungumza naye mpaka sasa. Ripoti iliyosahihishwa ilimfikia Mama Wembe kwenye bahasha bila barua. Aliisoma yote, neno kwa neno, kamusi pembeni. Ilimchukua siku nne. Kumi na tisa walikuwemo, wamewekwa kwenye jedwali la peke yao. Jina lake lilikuwemo pia, la tatu. Alisubiri aone kama atafurahi. Hakufurahi.

Baba ndiye aliyebaki katikati. Mama Wembe humtembelea Jumamosi, Profesa huenda Jumapili, na wote wawili huhakikisha hawakutani hata mlangoni. Jumamosi moja alikuwa akimkanda baba magoti kwa maji ya moto, na mzee alikuwa amefumba macho, ukadhani amelala.

"Hivi," akasema ghafla, "nikifa, mtanizika kwa zamu?"

Mama Wembe alikamua kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya goti la pili.

"Sijui, baba," akasema. "Kwa kweli sijui."